Wasomaji wanauliza: kupiga risasi hewani mwizi anapoingia usiku

Tangu tuandike juu ya ulinzi wa parseli (viwanja vya nyumba), barua nyingi kutoka Lubumbashi zimekuwa zikizungukia jambo moja: risasi ya kuonya, ile inayopigwa juu "kuwatisha tu". Tumechagua chache, tumezifupisha, na majina tumeyaacha. Majibu yanafuata sheria ya Kongo pamoja na tabia ya risasi yenyewe, ambayo haibadiliki kwa mkoa wala kwa hakimu.

Nina bunduki ya kalibre 12 ya kuwinda na permi (kibali) yake iko sawa. Juzi watu wanne waliruka ukuta wa jirani saa nane za usiku. Wakija kwangu, nikitoka barazani nikapiga moja juu wajue nina bunduki, sheria itakuwa upande wangu? Rafiki ananiambia anayeingia usiku unaruhusiwa hata kumpiga.
*Baba wa watoto watano, Bel-Air*

Baba, tuanze na huyo rafiki. Anachokisema kinatoka Ufaransa. Kodi ya adhabu ya kule (kitabu cha sheria za makosa), kifungu cha 122-6, inamdhania mtu kuwa amejitetea ikiwa amemrudisha nyuma mtu aliyeingia usiku ndani ya nyumba inayokaliwa, kwa kuvunja, kwa nguvu au kwa hila. Hata kule ni dhana tu, na mwendesha mashtaka anaweza kuibomoa. Kodi yetu, ile ya dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, haina kifungu kama hicho. Tena haina kifungu chochote kinachoeleza kujitetea ni nini. Mahakama zetu zinaukubali utetezi huo kama kanuni ya jumla ya sheria, kutokana na hukumu za zamani na maandishi ya wataalamu. Kwa hiyo hakuna mstari wa kumwonyesha hakimu na kumwambia "soma hapa". Kila sharti utalithibitisha mwenyewe.

Masharti yenyewe ni haya. Shambulio liwe la kweli, na liwe linatokea sasa hivi au liko mlangoni kabisa. La jana au la kesho halihesabiwi. Liwe la uonevu, maana polisi mwenye hati ya kukamata hakushambulii hata akikusukuma. Kusiwe na njia nyingine ya kujiokoa. Na nguvu unayotumia ilingane na hatari yenyewe. Sharti hili la mwisho ndilo linalowaangusha wengi: televisheni na pikipiki havilingani na uhai wa mtu, hata mtu huyo akiwa mwizi. Na mwizi aliyegeuza mgongo anakimbia, kisheria hakushambulii tena.

Sasa iweke risasi ya hewani juu ya masharti hayo uone inavyojikwaa. Bunduki ni silaha ya kuua, na kuifyatua popote kunahesabiwa kuwa ni kutumia silaha ya kuua. Mwanasheria wa upande wa pili atakuuliza swali moja tu: hatari ilikuwa imekufikia au haikuwa? Ukijibu ilikuwa imekufikia, atauliza mbona ulipata nafasi ya kuelekeza mtutu mawinguni. Ukijibu ilikuwa bado, atauliza kwa nini basi ulifyatua. Risasi ya kuonya inakiri kwa niaba yako kwamba nafasi ya kufanya kitu kingine ilikuwepo. Hapo ndipo utetezi unapovunjika, na mara nyingi anayeuvunja ni mwenye bunduki mwenyewe, kwa sentensi aliyoitoa kwa OPJ (afisa wa polisi anayechunguza makosa) usiku uleule: "Nilitaka kuwatisha tu."

Makosa yanayoweza kuandikwa ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Risasi isipomgusa mtu, kuna kosa la vitisho (kifungu cha 159). Ikimjeruhi mtu bila kukusudia, kwa kukosa tahadhari, kuna vifungu vya 52 na 54: siku 8 hadi mwaka 1. Akifa, kifungu cha 53: miezi 3 hadi miaka 2. Lakini usijifariji na tarakimu hizo ndogo. Hakimu akiona ulikusudia kumpiga mtu, hata bila nia ya kuua, naye akafa, unahamia kifungu cha 48, miaka 5 hadi 20. Na ikiwa alama ya risasi imekutwa ukutani kwenye usawa wa kichwa cha mtu, parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) inaweza kusema hukuonya chochote: ulilenga ukakosa. Hilo ni jaribio la kuua.

Jambo hilo limeshaonekana mbali na hapa. Mwaka 2010, huko Jacksonville katika jimbo la Florida, Marissa Alexander alifyatua risasi moja ndani ya nyumba wakati wa ugomvi na mumewe. Hakuumia mtu. Yeye alisema aliona maisha yake hatarini na risasi ile ilikuwa ya kuonya. Waendesha mashtaka walisema aliielekeza upande wa mume na watoto wake. Mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama lilichukua dakika 12 kumtia hatiani, akapewa miaka 20. Rufaa ikaifuta hukumu hiyo mwaka 2013 kwa sababu baraza lilikuwa limeelekezwa vibaya juu ya nani anayepaswa kuthibitisha nini, na mwaka 2015 akatoka gerezani baada ya makubaliano na waendesha mashtaka. Mwaka 2014 Florida ilirekebisha sheria yake ili kutishia kutumia nguvu nako kuweze kulindwa na sheria ya kujitetea. Kwetu hakuna marekebisho ya namna hiyo, kwa sababu hakuna hata kifungu cha kurekebisha.

Acha sheria kidogo, turudi barazani kwako. Kalibre 12 nyingi za wawindaji wa hapa zina mtutu mmoja au miwili. Ukipiga moja juu, umebaki na moja, au huna kitu mpaka uikunjue, utoe ganda, uingize nyingine, gizani, mikono ikitetemeka. Mwanga wa mdomo wa mtutu utakupofusha kwa muda, na wakati huohuo utawaonyesha wao hasa mahali uliposimama. Ikiwa mmoja wao ana bunduki ya kivita ya AK yenye magazini ya risasi 30, umemwita ajibu. Na doria ya polisi au ya askari ikisikia mlio, itafika ikimtafuta mwenye bunduki. Mwenye bunduki ni wewe, uko nje, umevaa bukta.

Mvua ilipovuja tukapanda juu, tukakuta bati lina tundu dogo la mviringo, na kwenye godoro la mtoto tukapata kipande cha shaba na madini ya risasi. Kweli kitu kilichopigwa juu kinaweza kuua kikishuka? Wengine wanasema kikifika chini kinakuwa kama jiwe dogo.
*Mama, Katuba*

Mama, kinaua. Anayesema ni kama jiwe dogo amesikia nusu ya habari.

Nusu hiyo ni hii. Risasi ikipigwa wima kabisa, hupanda mpaka inasimama, kisha inashuka kwa uzito wake huku hewa ikiizuia. Karibu mwaka 1920 ofisa wa jeshi la Marekani aitwaye Julian Hatcher alisimamia majaribio huko Florida, na kasi ya kushuka kwa risasi ya bunduki ya kijeshi ikapatikana kuwa karibu mita 90 kwa sekunde. Risasi ya AK inatoka mtutuni kwa mita 700 na kidogo kwa sekunde, kwa hiyo ya kushuka inaonekana ndogo. Lakini ngozi ya binadamu inaweza kupasuka risasi ikifika mita 60 kwa sekunde, na fuvu la mtoto mchanga halina ugumu wa fuvu la mtu mzima.

Nusu ya pili ndiyo mbaya zaidi. Hakuna mtu mwenye hofu anayepiga wima. Mkono unalala mbele, mtutu unakaa kwenye pembe ya nyuzi 40, 50 au 60. Risasi ya namna hiyo haisimami angani. Inachora upinde, inaendelea kuzunguka kama ilivyotoka, ncha ikiwa mbele, na inatua ikiwa na kasi kubwa kuliko ile ya Hatcher. Ya AK inaweza kwenda zaidi ya kilometa 2. Aliyefyatua komini (wilaya ya mji) ya Kamalondo hajui kama imetua komini ya Kenya, na aliyepigwa huko hatajua imetoka wapi. Bati la BG 28 au BG 32 halifiki unene wa nusu milimita, na plafo (dari) ya triplex chini yake haiongezi kinga ya kutajwa. Sehemu kubwa ya mji wetu imelala chini ya bati.

Kuna tofauti kati ya risasi na risasi. Ya kalibre 12 yenye gololi ndogo za ndege huishiwa nguvu ndani ya mita 200 hivi, na zikishuka zinanyesha bila kudhuru sana, ingawa jicho bado liko hatarini. Shevrotini, ile yenye gololi 9 za milimita 8 na kitu, inaweza kufika mita 600. Na ile ya donge moja zito, ya nguruwe mwitu, inavuka kilometa moja. Watu hupakia iliyopo mezani, kisha wanasema "ni kalibre 12 tu".

Usiku wa mwaka mpya ni hatari hiyohiyo, bila hata kisingizio cha mwizi. Huko Puerto Rico, usiku wa kuamkia 2004, watu 19 walijeruhiwa na risasi zinazodhaniwa kupigwa hewani kwa furaha, na mmoja akafa.

Kile kipande usikitupe wala usikioshe. Kiweke ndani ya bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki unatunza unyevu. Andika tarehe, saa na chumba. Piga picha ya tundu kutoka juu na kutoka ndani, ukiwa na rula au kalamu kando yake ili ukubwa uonekane. Ukinyoosha uzi kutoka kwenye tundu la bati hadi alama ya kwenye godoro, uzi huo unaonyesha upande risasi ilikotoka. Upigie picha nao, maana ukishasogeza kitanda ushahidi umekwisha. Kisha peleka malalamiko kwa OPJ wa komini yenu, au moja kwa moja parke. Aliyefyatua akijulikana, fidia ya bati, godoro na matibabu inadaiwa kwa vifungu vya 258 na 259 vya kodi ya raia, kitabu cha tatu: anayemdhuru mwingine kwa kosa lake au kwa uzembe wake analipa. Hapo swali la kama alikuwa anajitetea dhidi ya mwizi halifuti haki ya jirani. Wewe hukumshambulia.

Nimeajiri kampuni ya ulinzi. Usiku kuna sentineli wawili na polisi mmoja mwenye bunduki. Nikimwambia polisi apige juu kila anapoona mtu anazunguka ukuta, kosa likitokea ni lake au ni langu?
*Mwenye duka na depo, kartie Golf*

Linaweza kuwa la wote wawili, na mtafuata njia mbili tofauti.

Sentineli wa kampuni anafanya kazi na rungu, filimbi, tochi na redio. Bunduki inakuja na polisi, na polisi huyo, hata ukimlipa chakula na posho kila jioni, ni wa Polisi ya Taifa. Anafuata sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 inayopanga Polisi: nguvu ni ya mwisho, iwe ya lazima, na ilingane na hatari. Neno la mwenye depo halina nafasi katika amri zake. Akifyatua vibaya, kesi yake inakwenda kwa oditera (mwendesha mashtaka) wa kijeshi, kwa sababu polisi wetu wanahukumiwa na mahakama za kijeshi.

Wewe unafikiwa kwa mlango mwingine. Kifungu cha 21 cha kodi ya adhabu kinamhesabu kuwa mshiriki mkuu hata yule aliyechochea kosa moja kwa moja kwa zawadi, ahadi, vitisho au kwa kutumia vibaya mamlaka yake. "Piga kila unapoona mtu", ikiambatana na bahasha ya mwisho wa mwezi, inafanana sana na maneno hayo. Na kwa upande wa fidia, kifungu cha 260 cha kodi ya raia kinamfanya mwajiri awajibike kwa madhara ya wale aliowaweka kazini, wakiwa kazini. Kampuni itasema polisi si wake. Polisi atasema alitumwa. Wakili wa aliyeumia atawaita nyote na kuacha mahakama igawanye.

Kinachosaidia ni karatasi. Andikeni maagizo ya posti, ukurasa mmoja kwa Kiswahili, usainiwe na kampuni na wewe, ukisema wazi: mtu akizunguka ukuta, sentineli anawasha taa zote, anapiga filimbi, anaita kwa redio, polisi habonyezi kifyatulio isipokuwa maisha ya mtu yako hatarini pale pale. Polisi wenyewe wana kanuni ya onyo, lakini soma vizuri kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 juu ya silaha za moto: askari anajitambulisha na anatoa onyo la wazi kwamba yuko karibu kufyatua. Hazisemi kwamba onyo hilo ni risasi. Hata huko Marekani, idara nyingi za polisi zilipiga marufuku risasi za kuonya kwa miaka mingi, na mwongozo wa pamoja wa vyama vya polisi wa mwaka 2017 uliporuhusu kidogo, uliweka masharti mazito na wakuu wengi hawakufurahi.

Angalia pia daftari la posti. Kama polisi anabadilika kila wiki na hakuna anayeandika jina, namba ya silaha na idadi ya risasi alizoingia nazo na alizotoka nazo, siku ya kesi hutakuwa na kitu.

Badala ya juu, si bora kupiga chini, karibu na miguu ya mwizi?
*Kijana, Ruashi*

Hapana. Ardhi yetu nyekundu ina mawe, na parseli nyingi zina pavé (matofali ya kutandika chini) au sakafu ya beto (zege). Risasi ikigonga kitu kigumu kwa pembe ya kulala, haizami. Inaruka, na inaruka chini-chini, karibu na usawa wa ardhi kuliko ilivyokuja, ikiwa imepinda na inapinduka hovyo. Kidonda chake kinaweza kuwa kibaya kuliko cha risasi nzima. Gololi za kalibre 12 zikipigwa kwenye beto zinatawanyika kama feni kwenye usawa wa vifundo na magoti, na mlango wako wa nyuma uko upande huohuo. Ndani ya nyumba ni vibaya zaidi: ukuta wa bloku zenye tundu hauaminiki mbele ya risasi ya AK, na mlio ndani ya chumba kilichofungwa utakuacha masikio yakilia, usimsikie mkeo wala polisi anayekuamuru uweke silaha chini.

Shemeji ana AK aliyoachiwa na mtu zamani. Anasema hataitumia kuua, ni ya kupiga juu tu wakija majambazi.
*Ndugu, komini ya Kenya*

Ndugu, hapa risasi ni tatizo la pili. La kwanza ni chuma chenyewe. AK ni silaha ya vita. Raia hapati permi yake. Utaratibu wa silaha uko katika sheria ya amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na raia akishikwa na silaha ya vita, au akitenda kosa nayo, hupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mawakili wanabishana, wakitaja kifungu cha 156 cha Katiba kinachozungumzia askari na polisi, lakini kesi hizo zinaendelea kusikilizwa hivyo, na shemeji atakuwa anasubiri majibu ya ubishi huo akiwa gerezani Kasapa. Risasi moja ya hewani inatosha kuuleta msafara nyumbani. Pupu (bunduki za kienyeji) za wafua chuma nazo hazina permi, na mtutu wake unaweza kupasuka mkononi; nyingi zimetengenezwa kwa bomba la maji.

Asiitembeze mjini kuipeleka mahali bila mpango. Amwone avoka (wakili) kwanza, avoka apange na oditera au na mkuu wa polisi namna ya kuisalimisha, siku, saa na nani ataibeba, na kuwe na karatasi ya kupokelewa yenye namba ya silaha.

Imeshatokea. Nilipiga moja juu, wakakimbia. Sasa nifanye nini? Nikae kimya?
*Hakutaja komini*

Usikae kimya, na usiongee hovyo pia.

Kwanza weka silaha salama. Usiisafishe, usiifiche, usimpe kaka aipeleke kijijini. Kalibre 12 ya kukunjua haitupi ganda. Ganda linabaki ndani mpaka uifungue. Ikiwa huhitaji tena kujilinda, ifungue mbele ya shahidi, toa ganda na risasi iliyobaki, viache mezani, bunduki iwe wazi pembeni. OPJ atahesabu: boksi lilikuwa na ngapi, zimebaki ngapi, maganda ni mangapi. Hesabu ikigoma, hata kwa moja, utaulizwa hiyo nyingine ilikwenda wapi.

Pili, watu. Tuma mtu azunguke parseli za jirani kuuliza kama kuna aliyeumia, hasa upande ule ulikoelekeza mtutu. Akipatikana majeruhi, hata mwizi, apelekwe hospitali. Kodi ya adhabu, kifungu cha 66 ter, inamwadhibu anayemwacha kwa makusudi mtu aliye hatarini bila msaada. Umati ukimkamata mwizi na kuanza kutafuta tairi, ita polisi na umtenge naye. Akichomwa mbele ya mlango wako, kesi yako ya risasi itakuwa imekuwa kesi ya mauaji yenye washtakiwa wengi.

Tatu, piga simu mwenyewe kabla jirani hajapiga. Mara nyingi anayeripoti kwanza anaandikwa kuwa mlalamikaji. Anayekutwa anaandikwa mshukiwa. Mwite na avoka. Katiba, kifungu cha 19, inakupa haki ya kuwa naye tangu uchunguzi wa polisi. Kifungu cha 18 kinasema ukikamatwa uelezwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe kuwasiliana na familia au wakili, na usikae kasho (mahabusu ya polisi) zaidi ya saa 48. Andika saa uliyoingia.

Mbele ya OPJ toa yale ya lazima: jina lako, permi, ulishambuliwa saa ngapi na watu wangapi, walishika nini, silaha iko wapi. Hadithi ndefu isubiri avoka afike. PV (maandishi ya mahojiano) inaandikwa kwa Kifaransa, wewe umeongea Kiswahili, na "niliona anainua panga" inaweza kugeuka "alikuwa na panga". Kwa hakimu tofauti hiyo ni miaka. Omba usomewe upya kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Ukikuta kosa, lisahihishwe kabla ya sahihi yako. Wakikataa, kataa kutia sahihi na uombe kukataa kwako kuandikwe pamoja na sababu. Usidanganye popote. Uongo mdogo juu ya mahali uliposimama unaanguka siku wakipima kwa futi kamba.

Kutoka hapo faili inakwenda parke. Mwanasheria wa parke anaweza kukutolea hati ya kukamatwa ya muda, inayodumu siku 5. Baadaye ni lazima ufikishwe mbele ya jaji katika chumba cha shauri, na amri yake ya kukuweka ndani ni ya siku 15, kisha inaweza kuongezwa mwezi mmoja-mmoja. Hapo ndipo avoka anaomba uachiwe kwa dhamana: ana permi, ana nyumba inayojulikana, aliripoti mwenyewe. Dhamana inalipwa kwa karani na risiti inatolewa. Pesa inayoombwa kwenye korido bila risiti si dhamana. Bunduki itabaki kwao kama ushahidi kwa muda mrefu, na permi inaweza kuondolewa hata ukishinda.

Basi tuwafukuze na nini, kama hewani hapana?
*Kikundi cha akina mama wa avenyu moja, Kampemba*

Mwizi wa kawaida anaogopa kuonekana na kuchelewa. Bunduki inamtia woga wa dakika moja. Taa na kelele za nyumba kumi zinamharibia kazi yote. Lile la kugonga sufuria mnalijua tayari, lakini linafanya kazi likiwa na mpango: filimbi ndefu tatu maana yake wako ndani ya parseli, filimbi fupi-fupi maana yake wanapita barabarani. Kila nyumba inajibu kwa kuwasha taa na kugonga bati ikiwa ndani, bila kufungua geti. Anayetoka nje na panga ndiye anayekuja kuchanganywa na mwizi.

Umeme ukikatika, taa ya sola yenye kihisi cha mwendo ikiwekwa mita 3 juu, ikitazama ndani ya parseli badala ya barabarani, inawasumbua kuliko mbwa mmoja. King'ora cha betri cha pikipiki, kilichofungwa juu ya plafo na swichi yake ikiwa kando ya kitanda, ni bei ya debe chache za unga. Chagueni chumba kimoja cha ndani, mlango wa mbao nzito, komeo mbili, simu yenye chaji, maji na ndoo. Namba za polisi wa kartie na za majirani watatu ziandikwe kwa kalamu nyuma ya mlango, kwa sababu usiku huo simu itakuwa mkononi mwa mtoto asiyejua umeziandika kwa jina gani.

Na semeni kwa sauti, mkiwa nyuma ya mlango: "Tumekuona, polisi wamekwisha itwa!" Onyo la mdomo halitoboi bati la mtu, na kwenye PV linasomeka vizuri sana: uliwapa nafasi ya kuondoka.

Kama kuna bunduki halali nyumbani, ikae kabatini kwa kufuli, risasi mahali pengine kwa kufuli nyingine.

Je, bastola ya kuigiza, ya mlio tu?
*Msomaji, kartie Makomeno*

Ya mlio tu haitumi kitu angani, lakini kwa mwenye AK aliye upande wa pili wa geti ni bastola ya kweli, na kwa polisi anayefika mbio ni hivyohivyo. Atakayekujibu atakujibu na risasi za kweli. Nunua king'ora.